Hesabu ya Kijiji: Tuulize kwa Barua

Hapa Nyarugusu kuna dhahabu. Kampuni za madini hulipa ushuru wa huduma kwenye halmashauri. Nasi wanakijiji tunachanga. Je, boma la darasa likiishia kwenye lenta, tufanye nini? Kunung'unika kilabuni hakutoshi. Tuulize.

Kwanza, twende kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Tudai mapato na matumizi yasomwe.

Tusiporidhika, tuiandikie halmashauri barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu kila raia. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, afisa ataandika. Jibu litoke ndani ya siku 30. Wakikataa, waeleze sababu. Hapo tuombe mkuu wa ofisi hiyo aupitie upya uamuzi. Bado? Tukate rufaa kwa Waziri.

Tukiona dalili za rushwa, tupige simu TAKUKURU, namba 113. Ni bure. Tena Katiba, ibara ya 26, inatupa haki ya kwenda mahakamani kulinda sheria za nchi, kwa kufuata utaratibu.

Ndugu msomaji, weka nakala ya barua yako, yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa. Bila hiyo, siku 30 utazihesabu kuanzia lini?