Makazi ya Familia Mjini (2): Kaloleni na Macho ya Mtaa

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi Jiji la Arusha lilivyokua kutoka watu 416,442 kwa sensa ya 2012 hadi 617,631 mwaka 2022, ongezeko la karibu nusu. Wenye uwezo wa kujenga wanazidi kukimbilia pembezoni, wazungushe ukuta, waweke geti, kwa imani kwamba huko ndiko mtoto anakolelewa salama. Mimi naona mitaa ya zamani kama Kaloleni inamfaa mtoto zaidi, tena kwa sababu zile zile zinazotufanya tuidharau.

Tazama nyumba ya Kiswahili ambayo bado ipo katika mitaa ya namna hii: mlango unaoelekea barabarani, korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani panapopikwa na kufuliwa. Wapangaji ni familia kadhaa, na mtoto hawezi kutoka wala kuingia bila kupita mbele ya mtu mzima. Nje kuna duka la Mangi, genge la nyanya, fundi cherehani, mama ntilie. Wote wanakaa pale kutwa nzima kwa kazi zao, na kwa kukaa huko wanalinda bila kulipwa. Mwaka 1961 mwandishi Jane Jacobs aliitetea mitaa mikongwe ya New York kwa hoja hiyo hiyo: usalama wa barabara hutokana kwanza na watu wenye shughuli zao hapo, polisi hufuata. Umbali nao una thamani. Kaloleni ina kituo chake cha afya, na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid na Soko Kuu hufikika kwa miguu. Mtoto wa pembezoni husubiri basi la shule alfajiri, katika baridi ya Juni na Julai tunayoijua, na kurudi jioni amechoka.

Nitaambiwa kwamba mjini kuna msongamano, muziki wa baa na bodaboda. Ni kweli, na mzazi anayelalamika ana haki. Chumba kimoja kwa watu sita ni dhiki, na majirani wema hawaiondoi. Lakini kelele na mwendo havikuumbwa pamoja na mtaa. Vinatokana na vibali na usimamizi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inaruhusu kilomita 50 kwa saa ndani ya maeneo ya makazi. Mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 walikubaliana kwamba pale waenda kwa miguu na magari wanapochanganyika, mwendo usizidi 30. Matuta machache na njia ya miguu isiyozibwa na meza za biashara ni gharama ndogo kuliko kupeleka lami na maji hadi kila kiwanja kipya.

Hatari kubwa ni nyingine: nyumba ya familia inabomolewa, linapanda ghorofa la wageni wa usiku mmoja. Mgeni wa namna hiyo hamjui mtoto wa nani ni nani, wala hana sababu ya kumjua. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka ujenzi upate kibali cha mamlaka ya upangaji, kwa hiyo halmashauri inaweza kuweka sharti kwamba ghorofa za juu zibaki makazi na chini yawe maduka yanayotazama barabara. Wazazi wanapaswa kulidai hilo kwenye mkutano wa mtaa kabla msingi haujachimbwa.

Sehemu ya tatu itahusu kodi za nyumba.