Skani Yako Haijapotea, Iko Kwenye Folda

Umeskani kitambulisho kwa saiba hapa Nchiru, nje ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Fomu ya mkopo wa HELB inakungoja, lakini ukifungua flashi huoni kitu. Usilipe tena! Printa hujitengenezea folda yake: ya HP mara nyingi huitwa HPSCANS, ya Epson EPSCAN. Bado huoni? Panga faili kwa tarehe, ila saa ya printa ikiwa imekosea (nani hujisumbua kuirekebisha?), ya leo itajificha kati ya za zamani. Na kama flashi ni ya saiba, utakuta humo vitambulisho vya wenzako. Chako pia kitabaki. Jitumie, kisha ukifute mwenyewe kabla hujatoka.