Kajaga na Gatumba: Ziwa moja, majirani wawili

UKITOKA Bujumbura kwa barabara iendayo Uvira, nchini Kongo, unapita Kajaga kabla ya kufika Gatumba. Kushoto kwako, upande wa Ziwa Tanganyika, kuna majumba ya ghorofa, hoteli na kumbi za harusi. Kuta ni ndefu, mageti ni ya chuma. Dakika chache mbele unaingia Gatumba, mji uliokaa jirani na Mto Rusizi. Tangu mafuriko ya Aprili 2020, maelfu ya familia za huko zimekuwa zikihama, zikirudi na kuhama tena.

Julai 2024, shule zikiwa zimefungwa, nilifanya kazi ya ukalimani kwa vijana 14 wa kanisa moja la Marekani. Walikuja kwa majuma mawili kuwahudumia waathirika wa mafuriko. Walilala katika nyumba ya wageni Kajaga, na kila asubuhi basi dogo liliwapeleka Gatumba.

Safari za namna hii nilizijua kwa upande wa pili. Nilizaliwa Mishamo, magharibi mwa Tanzania, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoroka mauaji ya 1972 hapa Burundi. Nilisoma huko kwa Kiswahili, nikarejea nchini mwaka 2009. Wageni wa makanisa walipokuja makazini, sisi watoto tuliwaimbia, tukapewa kalamu na nguo, tukapigwa picha. Sikumbuki hata mmoja aliyetuuliza swali.

Swali la bima

Safari hii swali lilitoka kwa mwenyeji. Mama mmoja, aliyekuwa akiishi na wanawe watano chini ya turubai, aliwasikiliza vijana wakimwombea. Walipomaliza aliniambia: "Mwalimu, hebu waulize. Kwao maji yakiingia nyumbani, wanakwenda wapi?"

Kijana mmoja alijibu kwamba wazazi wake wangekaa hotelini kwa muda, kisha bima ingelipa gharama za kujenga upya.

"Bima ndiyo nini?" akauliza mama.

Nilimweleza kuwa ni fedha unazotoa kidogo kidogo nyumba ikiwa imesimama, ili ikianguka ulipwe. Alifikiri kidogo, kisha akaelekeza mkono upande wa Kajaga. "Hata wale sidhani kama wote wanayo. Lakini wana nyumba nyingine mjini."

Sijapata kusikia maelezo ya umaskini yaliyo mafupi kuliko hayo. Wageni walikuwa wameuhesabu kwa vitu walivyoviona: turubai, sufuria moja, watoto wasio na viatu. Mama yule aliupima kwa kitu kisichoonekana, yaani mahali pa pili pa kwenda.

Maji hayakuchagua

Na ni kweli kwamba maji hayakuchagua. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu na kumwaga Ziwa Tanganyika. Ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, karibu na Kalemie nchini Kongo. Mvua zikizidi kwa misimu kadhaa, maji hupanda na hushuka polepole sana. Ndiyo maana mwaka 2024 yaliingia katika vibanda vya Gatumba na pia katika hoteli na majumba ya ufukweni Kajaga.

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika ziachwe bila kujengwa. Pembeni mwa ziwa utaona kuta zilizosimama karibu zaidi ya hapo. Mwenye ukuta wa namna hiyo alichagua ufukwe kwa sababu ya mandhari na upepo. Mkulima wa Gatumba alikaa bondeni kwa sababu ndiko alikopata shamba. Maji yaliwatoa wote wawili, lakini mmoja alipakia samani kwenye lori, mwingine akapakia watoto kwenye mtumbwi.

Wageni walikuwa wamepanga kupaka rangi madarasa ya shule moja. Siku ya tatu waliona mafundi wa mtaani wamekaa kivulini, hawana kazi, wakiwatazama. Kiongozi wao aliita kikao na wazee wa kanisa, akawauliza wanataka nini. Fedha za rangi zikawalipa mafundi hao kuinua misingi ya madarasa, na vijana wakabeba mchanga na mawe. Nauli ya mmoja wao peke yake, alivyoniambia, inazidi mshahara wangu wa mwaka mzima. Bado nasema walifanya vyema, kwa kuwa waliuliza.

Lakini tusiwaachie wageni peke yao. Kajaga kuna waumini wengi, na Jumapili magari yao yanajaza viwanja vya makanisa. Sijasikia kanisa la Kajaga likipanga safari ya huduma ya majuma mawili kwenda Gatumba. Safari hiyo haihitaji ndege, viza wala mkalimani. Wote tunazungumza Kirundi na Kiswahili, na mvua za Aprili zikirudi zitatunyeshea sote.