Beta au toleo thabiti? Kabla hujashusha NumPy mpya, angalia kwanza siku ya kukabidhi kazi

Upo Chamazi, bando linaelekea ukingoni, na uchambuzi wa takwimu za tasnifu yako unatakiwa kwa msimamizi Jumatatu. Mtu kwenye grupu la WhatsApp anaandika: "Shusha NumPy mpya, ile beta, ni moto!" Ushushe?

Kwenye laptopu unayofanyia kazi, hapana. Ila usidhani ukikwepa beta umemaliza, maana hata toleo thabiti linaweza kukuliza.

NumPy ni maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine ili wewe usianze upya kutengeneza hesabu za majedwali kwenye Python. Pandas, SciPy na scikit-learn zote zimejengwa juu yake. Msingi ukitikisika, nyumba nzima inatikisika.

Beta ni toleo ambalo bado lipo jikoni. Vitu vipya vimo, lakini kasoro zinasakwa na mambo yanaweza kubadilika kesho. Utalitambua kwa herufi b kwenye namba, mfano 2.0.0b1. Baadaye huja lenye herufi rc, ambalo ni jaribio la mwisho, ndipo linatoka thabiti. Kwa kawaida pip haikuletei beta mpaka uiombe mwenyewe kwa kuandika --pre.

Yaliyotokea 2024

NumPy 2.0 ilitoka rasmi Juni 16, 2024. Lilikuwa badiliko la kwanza la namba kubwa tangu 2006, na beta yake ilikuwa imetolewa miezi michache kabla. Lengo la kuitoa mapema lilikuwa kuwapa wenye maktaba nyingine muda wa kurekebisha zao.

Si wote waliowahi. Siku toleo thabiti lilipotoka, aliyeandika pip install numpy alipewa 2.0 moja kwa moja, na kama alikuwa na maktaba iliyotengenezwa kwa ajili ya 1.x, programu iligoma. Majina kama np.float_ na np.NaN nayo yaliondolewa, hivyo msimbo wa zamani ukaanza kulalamika.

Hayo angalau unayaona. Linalotisha zaidi ni lile la kimyakimya: ukijumlisha np.float32(3) na 3.0, zamani ulipata jibu la biti 64, sasa unapata la biti 32. Hakuna onyo lolote, ila desimali za mbali zinaweza kupishana na zile ulizokwisha kuandika kwenye sura ya nne. Msimamizi akiuliza kwa nini, utajibu nini?

Wachora ramani wana ahueni kidogo. QGIS, programu inayotumika sana kwenye ramani za mafuriko za Dar, ina toleo maalumu la LTR linaloendelea kurekebishwa kasoro kwa muda mrefu bila kuongezewa vitu vipya. Mwenye kazi ya watu mkononi achukue hilo.

Sasa ufanyeje?

Kama kazi inakwenda vizuri, andika pip freeze > requirements.txt. Namba zote za matoleo unayotumia zitahifadhiwa, na ukitunza nakala ya faili hilo nje ya laptopu, hata ikiibiwa kwenye daladala utaweza kurudisha mazingira yaleyale kwenye mashine nyingine. Kama msimbo wako ni wa zama za 1.x, andika pip install "numpy<2", na usisahau hizo alama za kunukuu.

Beta nayo ina watu wake. Kama wewe ndiye unayetunza maktaba inayotumiwa na wenzako, ijaribu mapema, maana kasoro ukiikuta leo ukairipoti GitHub, inaweza kurekebishwa kabla haijawafikia wengine. Hata mwanafunzi asiye na haraka anaweza. Tengeneza chumba cha pembeni kwa python -m venv jaribio, kiwashe, kisha sakinisha beta humo. Ikiharibika, unafuta folda hilo tu na ile NumPy ya tasnifu haijaguswa.