Umeme Uliomo Sikioni

Kila mwenye tochi ajua kuwa haiwaki bila betri. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa sikio nalo lina kitu mfano wa betri, na ya kuwa nguvu yake ikipungua, mtu huanza kuwa kiziwi hata kama sikio lake kwa nje ni zima kabisa. Leo twapenda kuwaeleza wasikilizaji wetu habari za betri hiyo, na ni nani aitiaye nguvu.

Sauti ni mtikiso wa hewa. Mtikiso huo huingia katika tundu la sikio, hupiga kiwambo kilicho kama cha ngoma, kisha hupita katika vifupa vitatu vidogo, hata ukafika sikio la ndani. Huko mna mfereji uliojikunja kama nyumba ya konokono, yapata mizunguko miwili na nusu, nao umejaa majimaji. Ndani yake zimejipanga chembe hai yapata 15,000, na kila moja ina vinyweleo kichwani pake. Mtikiso ukifika, vinyweleo huinama, na vikiinama hufungua vilango vidogo mno.

Kiingiacho katika vilango hivyo ni potasiamu, madini yaliyomo katika majivu ya kuni, katika ndizi na katika maji ya dafu. Majimaji yaoshayo vinyweleo yana potasiamu yapata mara 30 kuliko majimaji ya damu, tena yana nguvu ya umeme. Mwaka 1952 Georg von Békésy, bingwa aliyezaliwa Budapest, alieleza vipimo vyake vya umeme huo. Na mwaka 1961 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya sikio. Umeme wenyewe ni kama volti 0.08, karibu sehemu moja ya ishirini ya betri ya tochi. Ni kidogo, lakini watosha. Vilango vikifunguka, potasiamu huingia kwa kasi, chembe huamka, nayo huupa habari mshipa wa fahamu, ambao huipeleka ubongoni.

Tufananishe jambo hili na pipa la maji lililowekwa mahali pa juu. Afunguaye bomba chini hana kazi kubwa, maana maji hushuka yenyewe. Aliyetoka jasho ni yule aliyeyateka kisimani na kuyapandisha. Katika sikio, mteka maji ni ukuta wa upande wa mfereji ule, uliojaa mishipa myembamba ya damu. Damu huuletea oksijeni na sukari, nao kwa nguvu hizo hupandisha potasiamu usiku na mchana. Potasiamu iliyokwisha kuingia katika chembe hutokea chini yake, ikarudi ukutani, ikapandishwa tena.

Hapa ndipo ilipo hatari. Damu ya sikio la ndani kwa kawaida hupita katika mshipa mmoja mwembamba usio na mwenzake wa kuusaidia. Oksijeni ikikatika, umeme ule huanguka katika muda mfupi sana. Ikirudi upesi, umeme nao hurudi. Ikichelewa, chembe hufa, na kwa binadamu chembe hizo hazioti tena.

Pengine mtu atasema, "Kama ni potasiamu, na tule ndizi nyingi, uziwi utapona." Sivyo. Ndizi ni chakula chema, lakini pipa halijai kwa sababu kisima kina maji mengi. Hujazwa na mteka maji. Basi yatupasa kumlinda huyo. Tuache tumbaku. Wenye shinikizo la damu au kisukari wafuate maagizo ya daktari. Tena tuzibe masikio karibu na mashine zenye kelele kubwa, kwani kelele nazo huziua chembe zile.

Na mtu akiamka asubuhi akaona sikio moja halisikii, asingoje, wala asitie mafuta wala maji ya majani. Huenda ikawa ni nta tu. Huenda ikawa ni sikio la ndani. Atakayetambua ni daktari. Na aende siku ile ile, kwa kuwa dawa itolewayo mapema yafaa kuliko ile ichelewayo.