Kinachopotea Mwilini Baiskeli Inaposimama Barazani

Ni ada ya mji wa Tanga, ambao ardhi yake ni bapa na barabara zake nyingi zimenyooka, kwamba jioni, jua likishapoa, waonekane watu wa rika zote wakielekea Raskazone, kando ya bahari, juu ya baiskeli, wengine wakitoka makazini na wengine wakitoka majumbani mwao kwa nia ya kunyoosha viungo tu. Na ni ada vilevile kwamba masika yakishashika, tangu mwishoni mwa Machi mpaka Mei, idadi yao ipungue siku hadi siku, baiskeli ya matembezi iegemezwe barazani, na mwenyewe ajiambie kuwa ataipanda tena mvua zikipusa. Zinapopusa hujikuta mzito, pumzi humkatika mapema, na kabla hajafika pale alipozoea kugeuzia, nafsi humwambia kwamba jitihada zote za kiangazi zimekwenda bure na sharti aanze upya kama mtu asiyepata kupanda baiskeli maishani mwake. Wengi huachia hapo. Naamini kwamba wanaoacha riadha hii kwa ajili ya mvua yenyewe ni wachache kuliko wanaoiacha kwa ajili ya dhana hiyo, nayo ni dhana isiyo kweli, kama wataalamu wa mwili wa binadamu walivyokwisha kubainisha kwa vipimo.

Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake huko Marekani walichapisha habari za watu saba waliozoea kukimbia na kuendesha baiskeli kwa miaka mingi, ambao waliombwa waache mazoezi yote kwa siku 84, huku wakipimwa mara kwa mara kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kukitumia, kipimo kinachotegemewa kuliko vyote katika kujua pumzi ya mwanariadha. Katika siku 21 za kwanza kiasi hicho kilishuka kwa asilimia 7. Kufikia siku ya 56 kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 16, na baada ya hapo hakikushuka tena. Mwenye kuisoma hesabu hiyo kwa haraka ataiona kuwa habari mbaya, na kwa hakika mporomoko wa majuma ya mwanzo ni wa ghafla; walakini swali lililo muhimu zaidi ni hili, kwamba kilichoporomoka ni kitu gani?

Jibu lilipatikana miaka miwili baadaye, Coyle alipowapima wanariadha wengine waliopumzika kwa muda wa majuma mawili hadi manne, akakuta kwamba damu yao imepungua kwa takriban asilimia 9, na kwamba kilichopungua hasa ni yale majimaji ya damu ambayo matabibu huyaita plazma. Damu ikipungua, moyo haujai sawasawa baina ya pigo na pigo, basi hutoa damu kidogo kila unapopiga, nao hulazimika kwenda mbio ili kufidia upungufu huo, ndiyo sababu mtu akahema mahali ambapo zamani alikuwa akipita huku anazungumza. Watu hao walipotiwa mishipani maji ya dawa yenye kuongeza ujazo wa damu, mioyo yao ilirudi kutoa kwa kila pigo karibu kiasi kile kile cha siku za mazoezi, papo hapo, pasipo kukanyaga pedali hata siku moja zaidi. Moyo wenyewe, kwa hiyo, ulikuwa haujadhoofika. Ulikosa cha kusukuma. Na majimaji hayo si mali ya kuhangaikia, kwa kuwa mtu akianza tena kutoka jasho, figo huzuia chumvi na maji zaidi, na katika siku chache ujazo wa damu huanza kupanda, hata kabla misuli haijapata faida yoyote ya kuonekana.

Misuli nayo ina hasara yake, na si haki kuificha. Katika wale watu saba wa mwanzo, vimeng'enya vya mitokondria, yaani vile viungo vidogo ndani ya seli vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, vilipungua kwa karibu asilimia 40. Lakini kapilari, mishipa ile midogo kabisa inayoifikisha damu kwenye kila uzi wa msuli, haikupungua, bali hata baada ya siku 84 ilikuwa imezidi kwa nusu nzima ile ya watu wasiofanya riadha. Huko Oslo, mwaka 2010, Kristian Gundersen na wenzake walionyesha kwa panya kwamba viini vya seli vinavyoongezeka msuli unapotiwa kazi hubakia humo hata msuli wenyewe unapokonda kwa kukosa kazi. Na ingawa panya si mtu, uvumbuzi huo unafanana na jambo ambalo kila mpanda baiskeli wa miaka mingi analijua, kwamba kurudi si kama kuanza.

Sasa, ikiwa kinachopotea mwanzo ni chepesi kurudi, yafaa tuulize ni kidogo kiasi gani kinachotosha ili kisipotee kabisa, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kitambo, maana hapa pana faraja kubwa kwa mtu wa pwani anayeitazama mvua dirishani. Mtaalamu mwingine wa Marekani, Robert Hickson, aliwafanyisha watu mazoezi makali siku sita kwa juma, kwa majuma kumi, wakipokezana siku za baiskeli na siku za mbio, dakika 40 kila siku. Kisha akawapunguzia, wengine wakabakiwa na siku nne na wengine siku mbili tu, lakini ukali wa kazi akauacha vilevile. Baada ya majuma 15 ya kupunguziwa, pumzi yao ilikuwa haijashuka. Akajaribu tena kwa kupunguza muda badala ya siku, dakika 40 zikawa 26 kwa wengine na 13 kwa wengine, na pumzi ikabaki ile ile. Alipopunguza ukali wenyewe, siku na dakika zikibaki kama zilivyo, ndipo kiwango chao kiliposhuka. Masika ya Tanga, hata yakirefuka, hayafiki majuma 15. Mwenye kupata siku mbili za ukavu katika juma, na dakika 40 katika kila siku, ana haja yake yote, maadamu ndani ya muda huo mna dakika ambazo hawezi kuzungumza sentensi nzima bila kuikata kwa pumzi.

Dakika hizo si lazima zitoke barabarani. Ngazi za nyumba ya ghorofa, zikipandwa kwa hima na kushukwa kwa utaratibu, hutosha kabisa, na kamba ya kuruka inauzwa kwa fedha chache. Wenye baiskeli za zamani zenye stendi ya miguu miwili huzungusha gurudumu la nyuma likiwa hewani, jambo linalolainisha magoti lakini halitii msuli kazi ya maana, kwa kuwa gurudumu halina linachokishinda. Mtu aliyejua vyema kwamba mazoezi si lazima yafanyiwe barabarani ni Robert Marchand, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1911, mwenye kimo cha sentimita 152, ambaye maisha yalimpeleka Venezuela na Canada kwa kazi za sulubu, na aliyeirudia baiskeli akiwa ameshapita miaka 65. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha kilomita 24.250 kwa saa moja. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, akaendesha kilomita 26.927. Baina ya majaribio hayo mawili alifuata mpango wa mtaalamu Véronique Billat, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa mwendo mwepesi na sehemu ndogo mwendo mkali, na kiasi cha oksijeni alichoweza kutumia kilipanda kutoka mililita 31 hadi 35 kwa kila kilo ya mwili katika dakika moja, umri ukienda mbele na pumzi ikienda mbele pamoja nao. Siku ambazo hali ya hewa ilimzuia kutoka, alipanda baiskeli iliyosimamishwa ndani ya nyumba.

Anayechagua kutoka katika manyunyu na atoke, ila ajue anayoyakabili. Mvua ya kwanza baada ya ukavu ndiyo yenye utelezi kuliko zote, kwa sababu huinua mafuta ya magari na vumbi lililoshikamana na lami. Mistari ya rangi na vifuniko vya chuma huteleza muda wote vinapokuwa na maji. Na breki zinazobana ringi hazishiki mpaka zimefuta maji kwanza, basi mtu avute mapema na kwa upole. Dimbwi lisilojulikana kina chake halipitwi katikati. Radi ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya mwanga wa umeme, imeanguka karibu kilomita 10 na chini yake, na hapo hapana ushujaa unaofaa isipokuwa kuingia ndani ya nyumba na kungoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mpira wa tairi haumkingi mtu na radi.

Kazi inayosahauliwa zaidi ni ile ya baada ya kurudi. Upepo wa pwani umebeba chumvi, na chumvi pamoja na maji ya mvua huanza kuula mnyororo usiku ule ule. Mafundi wetu wenye uzoefu hufanya hivi: huigeuza baiskeli kichwa chini, humwaga maji safi kidogo juu ya mnyororo ili mchanga uondoke, kisha huukamata kwa kitambaa kikavu baina ya dole gumba na shahada, huku mkono wa pili ukizungusha pedali kinyume polepole, mpaka kitambaa kiache kutoka weusi, ndipo hutia tone moja la mafuta juu ya kila pini ya mnyororo, huzungusha tena, na kufuta yaliyozidi, kwa kuwa mafuta yanayobaki nje hayana kazi ila kukusanya mchanga wa kesho. Mnyororo uliotunzwa hivyo huvuka masika bila kulia.

Kuhusu upepo nitasema machache. Upepo wa kusi ukishavuma, mwenye kwenda njia ya Pangani hukabiliana nao usoni, na hesabu yake ni ngumu, kwa kuwa katika hewa tulivu mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kuipasua hewa huzidi mara nane, na upepo wa mbele huongezwa juu ya mwendo wako mwenyewe. Asiyeijua hesabu hiyo hupigania mwendo wake wa kawaida na kuchoka njiani. Ajuaye huuacha mwendo ushuke, akashika kiasi kile kile cha pumzi, na huanza safari kwa kuukabili upepo ili umrudishe nyumbani.

Yako mashaka mazito kuliko mvua na upepo. Mpanda baiskeli akianguka, mara nyingi hutanguliza mkono, na mfupa wa mtulinga huvunjika; kupona kwake huchukua majuma sita na zaidi kwa mtu mzima. Hatari ya siku hizo ni kitanda. Huko Dallas, mwaka 1966, vijana watano walilazwa kitandani kwa majuma matatu ingawa hawakuwa na ugonjwa, na pumzi yao ikashuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu hao hao walipopimwa tena, ilionekana kwamba yale majuma matatu yaliwadhuru pumzi kuliko miaka 30 ya uzee. Kisha wakafanya miezi sita ya mazoezi ya taratibu, ya kutembea, kukimbia polepole na baiskeli ya ndani, na pumzi iliyoondoka na umri ikarejea. Kwa hiyo mwenye mkono shingoni, tabibu akishamruhusu, na atembee kwa miguu kila siku, maana miguu yake haikuvunjika.

Malaria ni jambo la namna nyingine kabisa, na hapa nayataka mawazo ya msomaji yote. Aliyezuiwa na mvua amepoteza majimaji ya damu, ambayo hurudi kwa siku chache. Aliyeugua malaria amepoteza chembe nyekundu zenyewe, kwa kuwa vimelea huingia ndani yake, huzaana na kuzipasua, na mwili hauna njia ya kuzirudisha isipokuwa kutengeneza nyingine, kazi inayochukua majuma kadhaa. Kuhema kwa wawili hao kunafanana, lakini wa kwanza hufaidika kwa kujikaza, na wa pili hujidhuru. Wala homa yoyote haichezewi, kwa kuwa baadhi ya maradhi yanayoileta hugusa msuli wa moyo, na kazi nzito wakati huo huweza kuuharibu. Nawasihi basi wapenzi wote wa baiskeli waliotoka katika homa, wasiipande mpaka homa imekatika na hamu ya chakula imerudi, na aliyeugua malaria asishike njia ndefu kabla hajapimwa wekundu wa damu. Kipimo hicho huhitaji tone moja la damu ya kidoleni, na katika zahanati zenye mashine yake, majibu hutolewa mgonjwa akiwa bado amekaa kitini.