Gambia, Nchi Inayopiga Kura kwa Gololi

Kwetu Msuka, Pemba, gololi ni mchezo wa watoto. Gambia ndiyo kura ya rais.

Nchi yenyewe ni ndogo kuliko zote za Afrika bara: kipande chembamba kando ya mto, upana wake haufiki kilomita 50, kimezungukwa na Senegal pande zote isipokuwa baharini. Watu wake ni milioni mbili na ushei, karibu wote Waislamu, na tegemeo la mkulima ni njugu, kama letu karafuu.

Gololi zilianza miaka ya 1960, wapigakura wengi walipokuwa hawajui kusoma. Mtu hupewa gololi moja, akaingia faraghani na kukuta mapipa ya chuma, kila mgombea na lake, limepakwa rangi na kubandikwa picha yake. Huitumbukiza kwenye mrija, nayo ikagonga kengele ndani. Karani aliye nje akisikia mlio wa pili, keshajua kuna hila. Ndiyo maana siku ya kura kengele za baiskeli hazitakiwi karibu na kituo! Jioni gololi humwagwa kwenye mbao zenye matundu 200 au 500, na mawakala wakahesabu kwa macho yao. Sijasikia njia rahisi kuliko hiyo.

Lakini pipa halimwondoi mtu Ikulu. Desemba 1, 2016, Yahya Jammeh, aliyetwaa nchi kwa mapinduzi ya 1994, alishindwa na Adama Barrow kwa asilimia 43 dhidi ya takriban 40. Akakubali, akapongeza, wiki moja baadaye akageuka, akataka uchaguzi mwingine. Msomaji wa Pemba anayekumbuka Oktoba 28, 2015, uchaguzi wa Zanzibar ulipofutwa hesabu ikiendelea, hana haja ya kuelezwa hali ilivyokuwa. Kwetu marudio yakafanyika Machi 20, 2016, chama cha upinzani CUF kikiyasusia. Gambia majirani hawakungoja marudio. Barrow aliapishwa Januari 19, 2017, katika ubalozi wa nchi yake Dakar, majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yakavuka mpaka, na siku mbili baadaye Jammeh akapanda ndege kwenda kuishi Guinea ya Ikweta.

Barrow alishinda tena 2021, kwa asilimia 53. Rasimu ya katiba ambayo ingemwekea rais ukomo wa vipindi viwili ilikwama bungeni Septemba 2020, kwa hiyo sheria haimzuii kubandika picha yake kwenye pipa kwa mara ya tatu.